Muhuri wa Tarehe na Kura ya Watu wa Mwani

Wanangu mliopo kaunta, na nyinyi mnaozunguka shamba, huko vijijini, na gari la vitabu, mimi ni Bi Zuhura. Wakubwa wenu wananijua. Nimefanya kazi ya maktaba tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zenyewe mpaka zikawa za kutiwa hina, na sasa nimestaafu, nakaa nyumbani Malindi, Mji Mkongwe, nikisoma bila ya kuitwa na mtu. Magoti yananisumbua, lakini macho yangu mazima na simu ninayo.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionesha picha mliyoitawanya kwenye makundi ya simu. Picha nzuri, sisemi uongo. Watoto wamekaa juu ya jamvi wanasoma, na chini yake mmewaandikia wakaazi wa shehia ile inayopiga kura mwezi ujao: wapige kura ukumbi wa kusomea ubaki, usigeuzwe kitu kingine. Pembeni mmetia nembo ya afisi. Nembo ya afisi, wanangu! Kwanza nilicheka. Halafu nikaingiwa na baridi, kwa sababu kosa hilo nalijua vizuri. Nililifanya mimi kabla yenu, na sikuwa hata na simu ya picha. Nililifanya kwa muhuri wa tarehe.

Nitakuelezeni, lakini mnivumilie, maana mtu wa maktaba hajui kuchukua kitabu kimoja bila ya kuangusha viwili.

Kazi yetu ni ya vitu vidogo, na hilo ndilo nililochelewa kulifahamu. Mnadhani mkubwa wa maktaba ni yule mwenye kusoma sana? Mkubwa ni yule mwenye kuona. Kitabu kikirudi kaunta nilikuwa nakushika mkono nikakwambia kimetoka wapi kabla sijaangalia kadi. Cha Kidichi, kwenye mashamba ya viungo, kina alama za vidole vya manjano kwenye kurasa. Cha Kiwengwa ukikipiga kofi kinatoa mchanga, na jalada lina chumvi. Bwana mmoja wa Jozani aliniletea kitabu kilichotafunwa robo nzima akaniapia kuwa ni kima punju waliomwingilia dirishani. Nikamwambia, "Bwana wee, kima punju anakula majani. Huyu ni mbuzi, tena mbuzi wako." Akacheka, akaleta kingine badala yake. Na wadudu wa vitabu tuliwafukuza kwa karafuu, tunazifunga kwenye vitambaa tunazipanga nyuma ya vitabu, mpaka wasomaji wakisema maktaba yetu inawatia hamu ya pilau. Msivianike vitabu juani hata vikirowa vipi. Kivulini, penye upepo, na usiwe na haraka.

Aliyenifundisha kuona ni Maalim Saleh, mkuu wetu wa huduma za shamba. Mtu wa Mji Mkongwe, mwembamba, kanzu yake haina kunyanzi hata saa kumi jioni, na akitamka "tarikh" utasikia kila herufi imekaa mahali pake. Hakuwa akipiga kelele. Akikasirika alikuwa anapunguza sauti, basi sisi tukawa tunaogopa kunong'onezwa.

Zamani zile wazee wa barazani walikuwa wakija asubuhi kusoma magazeti, na kila mmoja ana upande wake wa siasa. Siku moja mzee mmoja akalalamika kuwa gazeti la wenzake linawekwa juu siku zote, lao chini. Mimi nikaona upuuzi. Maalim Saleh akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, na kuanzia siku ile magazeti yakawa yanapangwa ubavu kwa ubavu, asubuhi moja linaanza hili kushoto, asubuhi ya pili lile. Nikamuuliza, "Maalim, kwani gazeti juu au chini lina neno gani?" Akanijibu, "Kwako halina. Kwake yeye, hiyo meza ndiyo Serikali." Niliitikia kwa kichwa kama niliyeelewa, kumbe sikuelewa kitu.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Kulikuwa na shehia moja upande wa mashariki, njia ya Kiwengwa. Jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua. Watu wake walijenga kwa nguvu zao nyumba ya shehia, na chumba kimoja kikubwa wakatupa sisi tufanye chumba cha kusomea. Mimi nikikipenda chumba kile kuliko sebule yangu. Rafu niliwasimamia maseremala mwenyewe. Kila Jumanne gari la vitabu likinipeleka, nafungua, naazimisha, nawasomea watoto hadithi, na siku nyingine mwalimu wa skuli ya pale, Mwalimu Khatibu, anakifungua jioni. Vijana waliofeli walikuwa wakirudia mitihani yao mle ndani. Niliona kwa macho yangu watu wakisoma ambao nyumbani kwao hapakuwa na kurasa mbili za maandishi.

Halafu wanawake wa mwani wakakitaka chumba. Mwani ukishavunwa huanikwa, na mvua ikiupata unaharibika, unakuwa haununuliwi. Hawakuwa na pa kuuhifadhi. Kiongozi wao alikuwa Bi Mwanakombo, mwanamke mtu mzima, miguu imepasuka kwa maji ya chumvi, na akisimama mkutanoni wanaume wanakumbuka kunyamaza. Mabishano yakawa makubwa, mpaka halmashauri ikaandika barua: nyumba ni ya wananchi, basi wananchi wenyewe wapige kura. Chumba kibaki cha kusomea au kiwe ghala ya mwani.

Maalim Saleh aliniita afisini akanisomea barua ile mara mbili. "Bi Zuhura, sisi ni wafanyakazi wa Serikali. Chumba ni chao. Ukiulizwa watu wangapi wanaazima, sema. Ukiulizwa gari litaendelea kuja au halitokuja, sema litakuja. Ukiulizwa wapige wapi, hujui."

"Naam, Maalim."

"Hujui, na uso wako pia usijue."

"Naam."

Na nilikusudia hasa, wallahi. Lakini Sheha, kiongozi wa shehia ile, alinifuata garini. Mtu wa mashamba ya ndani yule, mambo ya bahari aliwaachia wenye nayo. Akaniuliza siku gani itafaa kupiga kura, maana atahitaji meza zetu na viti. Nikafungua daftari langu nikamtajia Jumanne moja, asubuhi mpaka adhuhuri. Akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Jumanne ile ilikuwa ya bamvua. Kwa mliozaliwa mjini: bamvua ni pale mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya bahari yanapojaa sana na kutoka sana. Siku za bamvua, kiasi cha saa nne asubuhi, bahari inakimbia mbali kabisa, na wanawake wote wa mwani wamo ndani ya maji na kamba zao. Siku hizo haziachwi. Mimi nilikwenda shehia ile kila Jumanne kwa miaka, Jumanne moja pwani imejaa kanga na inayofuata hakuna mtu. Nilijua. Nilijitia hamnazo tu.

Tena sikuishia hapo. Kitabu kwetu kiliazimwa kwa wiki mbili. Mimi, kwa wiki tatu mfululizo, kila aliyekuja kuazima nikampigia muhuri tarehe ile ile ya Jumanne ya kura. Aliyeazima mapema nikampa siku za ziada, aliyechelewa nikampunguzia. Nilitaka wasomaji wangu wote wawe pale siku ile na vitabu mkononi, na watu wa mwani wawe baharini. Sikumwambia mtu hata neno moja la kumshawishi. Nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba nimetii amri ya Maalim herufi kwa herufi.

Maalim Saleh akanikamata kwa kadi. Alhamisi alikuwa akikagua droo zetu za kadi za kuazimia, kazi aliyoifanya kila mwezi ingawa hakuna aliyemtaka aifanye. Nikasikia sauti yake inashuka.

"Bi Zuhura. Hawa wote wameazima siku moja?"

"La, Maalim. Siku mbalimbali."

"Na wote wanarudisha siku moja."

 Akaitazama kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe mbili, ya kizungu na ya Kiislamu.

"Siku hiyo mwezi utakuwa ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na mwezi kumi na tano bahari inakuwaje?"

Wanangu, nimezaliwa kisiwani, jibu lile nimelijua tangu utotoni. "Bamvua, Maalim."

Alizirudisha kadi kwenye droo moja moja. Nilingoja aniambie kuhusu barua ya onyo, kuhusu kazi yangu. Hakutaja. Aliniuliza hivi: "Ukikipata chumba kwa njia hii, wale wanawake watakuja kusoma kwako?" Nikasema labda hawatokuja. "Na wakisema Serikali imewafanyia hila, watakuwa wamesema uongo?" Nikasema la. "Basi nenda kesho. Kwa Sheha kwanza, halafu kwa Bi Mwanakombo. Mimi sendi na wewe. Mkono uliopiga muhuri ndio uende."

Kwa Sheha ilikuwa rahisi. Alishtuka, akajilaumu kwa kutouliza watu wa bahari, kisha akaniambia kura itasogezwa wiki moja mbele, maji mafu, bahari haitoki vya kutosha na kila mtu yuko nyumbani. "Sababu sitoitaja," akasema. "Tusitiriane. Nnatangaza siku mpya, basi." Nilimshukuru mpaka machozi yakanilenga. Sitara ni kitu kikubwa kwetu.

Bi Mwanakombo nilimkuta nyuma ya nyumba yake anafunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Leo si Jumanne. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nna neno nataka kukwambia."

"Basi kaa kitako, ushike kamba hiyo. Neno zito halitoki kwa mtu alokaa bure."

Nikakaa, nikafunga mwani vibaya, nikasema yote. Tarehe, bamvua, muhuri. Aliendelea kufunga bila ya kuniangalia. Nilipomaliza akasema:

"Tuliona."

"Mliona?"

"Sisi bamvua tunaihesabu kama wewe unavohesabu mshahara. Tuliona siku ilivotangazwa. Tukasema, Serikali ishaamua, inatuuliza kwa adabu tu. Tukakubaliana tuiwache ipite, twende zetu tukavune." Akakata uzi kwa meno. "Mwaka jana kila mvua ikija nnautia mwani uvunguni. Nalala nao. Wajukuu wangu wananuka mwani wakenda skuli. Sikitaki chumba chako kwa kuchukia mabuku, Bi Zuhura. Mie mwenyewe nna buku lako ndani, la kufanyia sabuni. Umelipiga muhuri Jumanne ile ile. Nkajiuliza, huyu ananitaka nirudishe buku au nvune mwani?"

Aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Nilikuwa nimemwazimisha mwenyewe, kwa mkono wangu, na nilikuwa nimemsahau. Nilikwishawagawa watu wa shehia ile mafungu mawili, wangu na wasio wangu, na yeye nilimtia fungu lile jingine ijapokuwa kadi yake ilikuwa kwenye droo yangu.

"Na ukishindwa?" akaniuliza.

"Nitakuwa nimeshindwa."

"Haya. Fundo hilo likaze, mkondo utauchukua."

Wiki ile ya ziada tulifanya kazi kweli, na hapa ndipo kuna mafunzo yenu. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili, kwa wasiosoma, na kwa kuwa nina mkono mzuri nilipewa nichore mimi. Nikachora kitabu kilichofunguliwa, kina maua pembeni na mwanga unatoka. Mwani nikauchora pia. Maalim Saleh akaitazama, akauliza, "Hiki cha pili ni nini? Dekio?" Nikaapa kuwa sikukusudia, na safari ile ilikuwa kweli, kumbe mkono una mapenzi yake ambayo mwenyewe huyajui. Akaamrisha mwani uchorwe na mwenye mwani, kitabu kichorwe na mwenye kitabu, bila ya maua, na zote mbili ziwe na ukubwa sawa. Meza za kupigia kura tukazitoa nje ya chumba cha kusomea, maana mtu hawezi kukipigia kura chumba huku amekaa ndani yake anatazamwa na rafu. Na mimi siku ile nikaambiwa nisivae sare. Nikavaa buibui langu jeusi nikakaa kwenye kiti mbali, kazi yangu kujibu maswali tu.

Bibi mmoja alinijia akanishika mkono. Mjukuu wake alifaulu mtihani kwa ajili ya chumba kile. "Zuhura mwanangu, mie ntie wapi? Wewe nambie tu, nnakuamini." Nikamwambia, "Bibi, pa kutia unapajua wewe." Akaniangalia kama niliyemtupa. Wanangu, kupiga kelele ni rahisi. Kunyamaza mbele ya mtu anayekupenda ndio kazi.

Tulishindwa. Kwa kura chache, vidole vya mikono miwili havikwisha. Wanawake wa mwani walijitokeza wote, hata wenye watoto migongoni. Sheha alipotangaza, Mwalimu Khatibu akasimama. Mtu mpole yule, lakini chumba kile kilikuwa roho yake.

"Mimi nnauliza," akasema. "Kura ilikuwa Jumanne iliyopita. Imesogezwa kwa nini? Imesogezwa ili wao wawepo! Serikali imewabeba! Hatuikubali kura hii!"

Watu wakaanza kuinuka. Vijana wa mitihani wakampigia makofi, upande wa pili akinamama wakaanza kujibu, na mtu mmoja akasema masanduku yachomwe. Sheha alinitupia jicho mara moja, kisha akaangalia pembeni. Alikuwa ananisitiri bado. Maalim Saleh alikuwa amekuja siku ile, amekaa mstari wa nyuma, na yeye hakuniangalia kabisa. Alikuwa anaangalia makubadhi yake.

Ningenyamaza, kura ingefutwa. Nilikuwa na hakika. Ingefutwa, ingerudiwa mwakani au isirudiwe tena, na chumba changu kingebaki. Sikuhitaji kusema uongo wala kufanya lolote. Nilihitaji kukaa tu.

Nikasimama.

"Mwalimu Khatibu, ile Jumanne ya kwanza niliichagua mimi. Niliichagua kwa kuwa ni bamvua, ili watu wa mwani wasiwepo. Na vitabu vyenu nilivipiga muhuri siku ile makusudi, ili nyinyi muwepo. Iliyoharibika ni siku ile ya kwanza. Hii ya leo ndiyo iliyotengenezwa."

 Mwalimu Khatibu alinitazama, uso umemshuka.

"Ulifanya kwa ajili yetu, Bi Zuhura?"

"Nilijifanyia mwenyewe. Chumba nilikiona changu."

Akakaa. Na kwa kuwa yeye amekaa, wengine nao wakakaa mmoja mmoja. Kura ikasimama. Barua ya onyo niliipata baadaye, iko kwenye faili langu mpaka leo, na ninaipenda kuliko cheti cha kustaafu.

Kwa hiyo iondoeni picha ile, wanangu. Takwimu zenu za wasomaji zibandikeni ukutani, akija mtu kuuliza mjibuni, akiwa wa upande huu au ule. Mkitaka kupiga kampeni, vueni nembo, nendeni kama wakaazi, kwa majina yenu, na kwa simu zenu wenyewe. Najua chumba mnakipenda. Mimi nilikipenda zaidi yenu.

Vitabu tulivitoa Jumanne iliyofuata. Wanawake wa mwani walitusaidia kuvibeba hadi garini, kila mmoja na katoni lake kichwani, na waliobisha na wasiobisha wakapanga foleni nyuma ya gari kuazima pale pale barabarani. Nilifagia chumba mwenyewe. Kuta zilikuwa na alama nyeupe pale rafu zilipokuwa. Bi Mwanakombo alikuwa ananingoja mlangoni, nikafunga, nikampa ufunguo.

Akaushika, lakini haukutoka. Nikatazama nikaona vidole vyangu bado vimeung'ang'ania, naye anauvuta taratibu, bila ya hasira.

"Uachie, mwanangu," akasema.

Nikauachia.